Viatu Vyangu Chini ya Ngazi

Vijana wangu, haya nawaandikia kwa ruhusa ya mke wangu. Msicheke. Kuna asubuhi moja alinitishia marufuku ya kutaja neno kave ndani ya nyumba yetu, na marufuku ya Mama Furaha haivunjwi na mtu anayependa kula. Jinsi ruhusa hiyo ilivyonusurika ndiyo habari yenyewe. Ndani yake mna tangi, jozi ya viatu vya kanisani na lori la kubeba ng'ombe.

Kave, kwa wale ambao hawakukulia upande wetu wa Kivu, ni chumba cha baridi katika kiwanda cha bia, mahali ambapo bia changa hulala ndani ya matangi ikichachuka. Nilifanya kazi humo, Bukavu, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Na tangu siku niliyobatizwa sikuonja hata tone, maana kanisa letu haliruhusu. Bia niliijua kwa pua, kwa sikio na kwa kiganja. Watu huniuliza, inawezekanaje? Nawajibu kwamba daktari wa meno naye hali meno.

Aliyenifundisha ni Shefu Ntakwinja, mkuu wetu wa kave, mtu mfupi mwenye masikio mapana, aliyezungumza na matangi kwa upole kuliko alivyozungumza na sisi. Yeye ndiye aliyenionyesha kupitisha kiganja kitupu juu ya maungio ya chuma ndani ya tangi, polepole, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Mahali kiganja kinaposita, hata kama jicho halioni kitu, uchafu utajificha hapo na bia itaoza. Alinionyesha pia kushusha mshumaa unaowaka ndani ya tangi kabla ya kushuka mwenyewe. Bia ikichachuka huacha hewa nzito isiyovutika, nayo hukaa chini kama maji. Mshumaa ukizimika, kaa nje. Mshumaa ni rahisi kuwasha tena.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya viatu. Mtu akiingia ndani ya tangi, anaacha viatu vyake chini ya ngazi, ncha zikitazama tangi. Viatu vikiwa pale, hakuna anayefunga mfuniko, hakuna anayefungulia maji. Anayepita anagonga mara moja, na aliye ndani anajibu kwa kugonga mara mbili, yaani bado ni mzima. Siku moja mkurugenzi mwenyewe alivikuta viatu vyangu vilivyotoboka, akagonga, akavua kofia, akasimama akingoja jibu. Sijawahi kuheshimiwa hivyo nikiwa nimevivaa.

Nilifanya makosa pia, tena makosa yenye ukubwa wa nyumba. Katika mwaka wangu wa pili niliosha tangi kwa maji ya moto, likajaa mvuke. Koti langu la mvua lilikuwa limelowa, nami nikalitundika juu, penye tundu ambalo tangi hupumulia, likauke kwa joto lile. Kisha nikafungulia maji baridi. Mvuke ukipigwa na baridi hugeuka matone, na ndani hubaki patupu. Tangi linatafuta hewa, na hewa imezuiwa na koti. Nilisikia sauti kama ya mtu mnene anayevuta pumzi kwa mshangao, halafu tangi lile refu, la chuma kisichoshika kutu, likajikunja kiunoni kama mama anayecheka hadi kushika mbavu.

Shefu Ntakwinja alikuja, akalitazama kwa muda mrefu.

"Byamungu," akasema, "lile koti lilishakauka?"

"Bado, Shefu."

"Basi uliache pale pale. Tuone mwisho wake."

Tangu siku hiyo hadi alipostaafu, hakuniita Byamungu tena. Aliniita Koti.

Vita vilipotutoa kwetu na kutufikisha Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, nilipewa kipande cha shamba na jembe. Mimi na jembe hatukuelewana. Maharagwe yangu yaliota kama watu wanaoomba samahani. Mama Furaha ndiye aliyelima, nami nilimfuata nyuma nikisimulia habari za kave. Nilimsimulia ya koti mara nyingi sana, mpaka akawa anaimaliza kabla yangu, na kuimaliza vizuri kuliko mimi, jambo lililoniuma.

Ndipo asubuhi moja pikapu ilisimama mbele ya nyumba yetu, akashuka mzee mrefu mwenye kofia na fimbo ya kuchungia. Jina lake Kamugisha. Alikuwa mfugaji wa Mbarara aliyekuwa ameuza sehemu kubwa ya ng'ombe wake ili afungue baa kule Ruharo, baa itakayopika bia yake yenyewe, matangi yakiwa nyuma ya kioo ili wanywaji wayaone. Aliyajua mambo yote ya ng'ombe. Ya bia hakujua hata moja, na sifa yake ni kwamba alilisema hilo waziwazi.

"Wewe ndiyo ile mzee ya bia?" akaniuliza.

"Ni miye."

"Unakunywa?"

"Hapana, mukubwa. Hata kidogo."

Uso wake ukang'aa, akaniita bwana kwa lugha ya kwao. "Nzuri sana, ssebo! Mchungaji mwenye anamaliza maziwa yangu, huyo namfukuza. Kesho tunaenda chagua tangi. Ukichagua muzuri, unakuwa mukubwa wa tangi zote. Ukichagua mubaya, unarudi kwa maharagwe." Akayatazama maharagwe yangu, akatikisa kichwa kwa huruma.

Usiku ule sikulala, lakini nilijifanya nimelala. Asubuhi Mama Furaha alivipiga rangi viatu vyangu vya kanisani, maana alisema mkubwa wa matangi haendi na kandambili. Aliponikabidhi hakuviachia mara moja.

"Baba Furaha, unisikilize. Kama banakupa hii kazi, utatuhadisia mambo ya kave mpaka tusinzie, na sitasema kitu. Lakini kama unarudi hapa bila kazi, ile neno sitaki kuisikia tena mu nyumba hii. Miye nimechoka kuishi na kiwanda chenye hakiko."

"Hata ya koti?"

"Hata ya koti."

Njia nzima niliwaza neno lile. Njaa naijua, na jembe ningelizoea. Lakini mtu aliyepoteza kiwanda, mji na mlima aliouona kila asubuhi, akipoteza na masimulizi yake, anabaki na nini cha kuonyesha kwamba aliwahi kujua kitu?

Uwanja wa matangi ulikuwa Isingiro, nyuma ya soko. Muuzaji aliitwa Mugume, kijana wa familia ya wafugaji pia, naye aliuza kila chombo cha chuma kilichoweza kubeba kitu cha majimaji. Nilitazama huku na huku, nikaona mawili tu ya kuzungumzia. La kwanza lilikuwa tangi kuukuu la kupozea maziwa: pana, fupi, limelala chini na tumbo lake la duara. La pili lilikuwa jembamba na refu kupita mtu na nusu, miguu mirefu, mfuniko juu, na sehemu ya chini imechongoka kama faneli. Moyo wangu ulilikimbilia lile la pili. Mwili wa Kamugisha ulilikimbilia la kwanza.

Alilizunguka, akalipiga kofi ubavuni, akainama kutazama miguu, akasimama mbele yake kana kwamba anangoja lipanue pua.

"Hii iko na tumbo," akasema. "Angalia mgongo. Mzee, unaona mgongo?"

"Mukubwa, hii ni tangi ya maziwa."

"Sasa? Maziwa unakunywa, bia unakunywa."

"Chini yake ni bapa. Chachu ikimaliza kazi inashuka, inalala pale chini. Inatakiwa itoke yote. Hapa haitatoka. Na ile harufu ya maziwa itakaa mu bia yako mpaka Yesu arudi."

"Na ile nyingine?" Akalinyooshea fimbo tangi langu refu. "Imekonda. Hiyo miguu, kiangazi kimoja tu, imeanguka."

Nilimwambia nitampa ushahidi. Nilikuwa nimekuja na kopo la uji mzito wa mtama uliolala, kipimo cha Shefu Ntakwinja, maana uji wa jana una ukaidi uleule wa chachu iliyochoka. Niliumimina ndani ya tangi la maziwa. Ukajitandaza pale chini, ukatulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja. Nilimwita aone. Aliona, akasema uji wenyewe umependa mahali pale.

Nilikuwa nimeumaliza wote. Hapo ndipo kosa la siku ile lilipoanza, kwa kuwa sikubakiza uji wa kupima lile refu, na badala ya kuomba mwingine, nikaamua kuingia mwenyewe. Kamugisha na Mugume walikuwa wamekwenda kivulini kubishana juu ya mgongo. Niliweka ngazi, nikavua viatu, nikavipanga chini ya ngazi, ncha zikitazama tangi. Nilipanda, nikashusha mshumaa kwa uzi, ukawaka vizuri. Nikajishusha mwenyewe.

Vijana, ndani ya tangi jipya kuna uzuri ambao sijui niulinganishe na nini. Mwanga unaingia juu kwa duara moja, unazunguka ukutani kama maziwa yanayokorogwa. Nilipitisha kiganja kwenye maungio. Hakikusita popote. Nilipitisha tena, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, maana mimi huimba besi, na chuma kikanirudishia sauti nzima bila mkwaruzo. Nikasahau saa.

Kisha nikasikia mtu anagonga. Mara moja.

Nikafurahi. Nikadhani, kumbe hata Isingiro wanajua sheria! Nikajibu mara mbili.

Halafu ikagongwa tena mara moja, kwa woga. Nikajibu tena mara mbili, na kwa furaha nikaongeza ubeti wa wimbo.

Yaliyokuwa yakitokea nje nilikuja kuyajua baadaye. Kamugisha alikuwa amepita karibu na tangi, akaligonga kwa fundo la fimbo, kwa dharau tu, nalo tangi likamjibu. Akarudia, likajibu na kunguruma kwa sauti nzito. Alimshika Mugume mkono.

"Umesikia? Ananiita!"

"Mzee wangu, hii kitu ni chuma."

"Nimefuga tangu sijaota meno. Ng'ombe mwenye atakupenda, anakujua siku ya kwanza. Huyu amenijua. Namchukua."

Na viatu? Aliviona. Aliviona vizuri sana, vimepangwa, vinang'aa, ncha zikilitazama tangi. Bukavu, viatu vile vingepiga kelele. Isingiro vilisema tu kwamba kuna mtu mwenye adabu amepita hapa. Kamugisha aliguswa moyo. Aliwaambia watu kwamba mzee Mkongo amevua viatu mbele ya tangi kwa heshima, na sasa bila shaka yuko mahali anatafuta chakula pekupeku. Akavifunga kwa gazeti vumbi lisiviguse, akaviweka kwenye kiti cha mbele cha lori lake la ng'ombe, akisema mwenyewe atavifuata Ruharo. Kisha akaagiza mfuniko ufungwe, tangi lake lisiingie nzi, na kijana aliyepanda akaukaza kwa spana bila kuchungulia.

Giza lilinishukia kama kofia. Nikapiga kelele, lakini mashine ya kukatia vyuma ilikuwa imeanza kunguruma uwanjani, na ukuta wa tangi lile ulikuwa wa tabaka mbili. Nikagonga. Kila nilipogonga, nilisikia kwa mbali mtu akicheka kwa furaha.

Sijui ningefika wapi kama si desturi ya wale watu wawili. Baba zao walipouza ng'ombe hawakuuza na kamba. Kamba hubaki kwa muuzaji, na mnunuzi huja na yake. Mugume, kwa heshima ya mambo hayo, akatafuta sehemu ya tangi iliyofanana na kamba, akaing'oa koki ya chini na kubaki nayo. Kamugisha naye akatoa kamba ya katani mfukoni, akaifunga kwenye mguu wa tangi. Nikapata tundu la upana wa ngumi, hewa, na mwali mmoja wa jua la Isingiro. Nilipiga magoti nikauweka mdomo pale, lakini injini ilishawashwa.

"Mbona hii ni nzito hivi?" nikamsikia mpakizi mmoja akilalamika.

"Ng'ombe mzito ni mzuri," akajibu Kamugisha. "Na asilale! Ng'ombe anasafiri amesimama."

Basi tukasafiri tumesimama, tangi na mimi, kwenye lori la kubeba ng'ombe, kwenda Ruharo. Na huko ndiko nilikolijua tangi lile kuliko mtu yeyote anavyoweza kulijua. Kila kona ilinirusha ubavuni, na kila niliporushwa, nilishuka. Nilijaribu kusimama, nikateleza. Nilijaribu kujibana kwa mgongo na nyayo, nikateleza. Hapakuwa na pembe ya kunishika, hapakuwa na ungio la kunikwaruza. Mwinuko wote uliniteremsha kwa upole hadi kwenye lile tundu. Nilikuwa uji. Nilikuwa chachu iliyomaliza kazi yake. Katikati ya hofu ile nikasikia fahari isiyokuwa na maana yoyote: tangi hili ni zuri. Na hakuna aliye nje wa kumwambia.

Nikaimba. Sikuwa na jambo lingine la kufanya.

Njiani askari wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka lori, kisha nikasikia buti zake zikisimama.

"Dereva, gari yako inaimba."

"Redio, afande," akasema dereva.

"Redio iko mbele. Hii inaimba nyuma." Akainama, na ghafla tundu langu likajaa jicho. "Wewe ni nani?"

"Byamungu, afande. Ni miye fundi."

"Unafanya nini mu hii kitu?"

"Minaipima."

Jicho likafikiri. "Bado hujamaliza?"

Nilimsikia Kamugisha akishuka, akikimbia, fimbo ikigonga lami. "Mzee! Uko ndani? Viatu yako iko na mimi!"

"Vilikuwa vinakuambia hivyo, mukubwa! Vilikuwa vinakuambia niko ndani!"

Hawakuweza kunitoa, kwa kuwa spana ya mfuniko ilibaki Isingiro. Askari alishauriana na dereva, akaamuru twende polepole, nami nishike kitu. Nilimweleza kwamba hamna cha kushika. Akasema basi niendelee kuimba, wajue niko mzima. Afande yule, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amefikia sheria ya Shefu Ntakwinja.

Ruharo waliazima spana kwa fundi wa magari, wakafungua, wakanivuta juu kwa ile kamba ya katani. Nilisimama kwenye vumbi, miguu mitupu, nikizunguka bado. Kamugisha alikuwa amekumbatia gazeti lenye viatu vyangu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Mzee," akasema polepole. "Kule Isingiro. Nimegonga, ikanijibu."

Ningeweza kunyamaza. Niliiona asubuhi ile, mikono ya Mama Furaha ikiwa bado imeshika viatu. Lakini mtu hadanganyi juu ya tangi.

"Ni miye nilijibu, mukubwa. Kwetu mtu akigonga, aliye ndani anajibu."

"Na kuimba?"

"Ni miye."

Alikaa kwenye ukingo wa lori. Ng'ombe aliokuwa amewauza walipita machoni pake mmoja mmoja; mimi niliwaona wakipita. Alinunua tangi kwa sababu lilimpenda, na sasa anaambiwa halikuwahi kumjua.

"Kwa hiyo hii haijui mimi."

"Haikujui. Lakini ni tangi nzuri kupita zote nimeona. Nimeteleza ndani yake tangu Isingiro mpaka hapa, haijanishika hata fasi moja. Kama chachu ingekuwa na mdomo, ingekuambia vilevile. Ungeniuliza kabla ya kununua, ningekuambia, chukua hii."

Alimgeukia dereva, mtu wa kwao.

"Wewe. Mtu akinunua ng'ombe, na ndama iko ndani, hakuna mwenye alijua. Ndama ni ya nani?"

"Ya mwenye amenunua," dereva akasema, akishangaa kuulizwa jambo la wazi hivyo.

"Na mwenye aliuza anaweza rudi kuidai?"

"Atadai na nini? Alishachukua kamba yake."

Kamugisha akainuka, akafungua gazeti, akanipangia viatu mbele ya miguu, ncha zikitazama tangi.

"Umeingia mu bei, ssebo," akasema. "Unaanza Jumatatu."

Nilifanya kazi pale mpaka magoti yaliponikataza kupanda ngazi. Koki mpya tulinunua, kamba ya katani hakukubali kamwe ifunguliwe mguuni. Na kila nilipoingia ndani ya tangi kulisugua, Kamugisha mwenyewe aliacha shughuli zake, akaleta kigoda, akakaa kando ya viatu vyangu na fimbo mapajani. Wanywaji wa nyuma ya kioo walidhani analinda viatu. Ninyi mnaoshika kazi ile sasa, ndilo ninalowaomba: msitegemee viatu peke yavyo. Viatu husema na wanaovijua tu. Wekeni na mtu karibu navyo, mtu mwenye jina, anayejua kugonga.

Siku ile nilirudi Nakivale jua likielekea kuzama. Mama Furaha alikuwa mlangoni akipepeta maharagwe. Alinitazama kuanzia chini, kama kawaida yake. Viatu vilikuwa vinang'aa kama alivyoviacha, maana vilisafiri ndani ya gazeti. Suruali ilikuwa na vumbi, shati limechanika, paji la uso limevimba.

"Biatu bimerudi bizima," akasema. "Na wewe?"

"Banaisha kunipa kazi. Ninaanza Jumatatu."

Aliweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kisha akavuta kigoda cha pili, akakipiga kwa kiganja ili nikae.

"Haya, sema," akasema. "Lakini anzia mu koti."